Tundu kavu baada ya kung'oa jino

Tundu kavu ni hali ya shimo la jino lililong'olewa kubaki wazi, bila damu iliyoganda ndani yake. Jino likishatoka, damu hujaa shimoni na kuganda. Donge hilo hufunika mfupa wa taya na mishipa ya fahamu, na humo ndimo nyama mpya huanza kuota. Likitoka mapema, mfupa unabaki uchi. Mate na chakula vinaugusa.

Kwa hiyo mtu anatoka hospitali ya Ligula au Ndanda, huku Mtwara, salama kabisa, siku ya kwanza anakunywa uji, ya pili ana nafuu, ya tatu maumivu yanapanda mpaka sikioni na kinywa kinanuka. Wengi hudhani daktari ameacha kipande cha mzizi. Mulika kwa tochi ya simu mbele ya kioo: palipostahili donge jekundu lililoiva unaona shimo tupu, pengine na weupe wa mfupa. Kidonda cha kawaida huuma kidogo kuliko jana. Kinachozidi kuuma hakiendi vizuri.

Hutokea zaidi kwenye magego ya chini, jino likitoka kwa tabu, na kwa wavuta sigara.

Kinachonisikitisha ni kwamba donge wakati mwingine huondolewa na mgonjwa mwenyewe, tena kwa nia ya usafi: anafika nyumbani anasukutua, anatema, anasukutua tena. Uma pamba kwa nguvu nusu saa hivi, mate yameze, na usisukutue mpaka saa 24 zipite. Baada ya hapo tumia maji ya vuguvugu yenye chumvi, taratibu. Dafu kunywa, ila limimine kwenye kikombe, maana kufyonza kwa mrija huling'oa donge. Korosho za kukaanga ziache kwanza, chenga zake huingia shimoni. Sigara na uraka, pombe ya mabibo, pia.

Tundu kavu likishatokea, rudi kwa daktari wa meno. Ataliosha shimo na kuweka dawa, mara nyingi yenye mafuta ya karafuu, na nafuu huja upesi. Usichokonoe wala kujaza tumbaku. Ukiona uvimbe, homa, au mdomo haufunguki, huenda ni maambukizi. Nenda siku hiyohiyo.