Bahari ndani ya Kampala: samaki ni wa mwisho

Wateja wengi wanaoniita niwawekee tangi la matumbawe huanza kwa kunionyesha picha ya samaki kwenye simu. Mimi huuliza mambo mengine: umeme ukikatika hapa kwako, hurudi baada ya saa ngapi? Na maji bombani yanatoka kwa nguvu au yanachuruzika? Majibu hayo ndiyo yanayonionyesha kama tangi litafika mwaka wa pili.

Tuanze na maji. Uganda haina pwani, na kusomba maji ya bahari kutoka Mombasa ni kujitesa bure. Lita 200 zina uzito wa zaidi ya kilo 200, na vijidudu vilivyomo huanza kufa na kuoza ndani ya mitungi hata hujafika mpakani Malaba. Kwa hiyo bahari tunaikoroga wenyewe, kwa chumvi maalumu ya akwaria. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita, maana yake tangi la lita 200 litakula kilo 7 na ushei siku ya kwanza, bado hujahesabu maji ya kubadilisha.

Hapo ndipo swali la Katwe, ziwa letu la chumvi la magharibi mwa Uganda, huingia. Mzee mmoja wa Ntinda aliniuliza, "Sasa mwanangu, tuagize chumvi ng'ambo na sisi tuna ziwa zima la chumvi?" Ni swali la haki. Lakini Katwe ni ziwa la kreta, la magadi: limejaa sodiamu, kaboneti na salfeti, huku kalsiamu na magnesiamu zikiwa haba mno. Matumbawe magumu hujijenga kwa kalsiamu kaboneti. Yanataka maji yenye kalsiamu ya miligramu 400 hivi kwa lita, na magnesiamu karibu 1,300. Chumvi ya jikoni nayo iache ikolee kwenye mchuzi wa ngege.

Maji yenyewe ya kukorogea yasitoke bombani moja kwa moja. Maji ya Kampala kwa sehemu kubwa hutoka Ziwa Victoria kupitia mitambo ya Ggaba. Hayana madini mengi, na hilo ni zuri, ila yametiwa klorini, na ghuba ya Murchison yanakovutwa hupokea uchafu wa jiji kwa mfereji wa Nakivubo. Uchafu huo una fosfeti, na fosfeti ndiyo chakula cha mwani. Kuchemsha hakuiondoi. Unahitaji kichujio cha osmosisi, kinachosukuma maji kupitia utando mwembamba sana, kikifuatiwa na resini, punje zinazonasa madini yaliyosalia, mpaka kipima madini kisome sifuri. Mafundi wengi husahau jambo moja: kichujio hicho kinataka shinikizo la baa 4 hivi, na tangi la juu ya paa, mita 5 juu ya bomba, hutoa nusu baa tu. Bila pampu ya kuongeza nguvu utaambulia matone, na maji mengine yote yataishia mtaroni.

Wakati wa kukoroga, chumvi ndiyo huingia kwenye maji, kamwe si maji kumwagwa juu ya chumvi. Tia kidogo kidogo kwenye pipa la plastiki lenye pampu inayozungusha. Maji yatakuwa meupe kama ya kuoshea mchele, kisha taratibu utaanza kuona kitako cha pipa. Acha hadi kesho yake, ndipo upime kwa refraktomita, kifaa cha kupimia chumvi majini: isome 1.025, yaani uzito wa maji hayo ukilinganishwa na wa maji matupu. Na baadaye, maji yakipungua kwenye tangi kwa kukauka, jua kilichoondoka ni maji matupu na chumvi yote imebaki. Ongeza maji matamu tu.

Sasa umeme. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na oksijeni inayoyeyuka majini ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 ukilinganisha na Mombasa. Pampu zikisimama usiku, tangi letu hukosa pumzi mapema zaidi. Kabla hujanunua taa ya bei mbaya, nunua pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe umeme ukikatika. Ukiwa na inveta, iunganishe na pampu ya mzunguko peke yake. Matumbawe huvumilia siku moja ya giza bila shida. Hita lazima, kwa sababu usiku wetu ni wa baridi na tangi linataka nyuzi 25. Weka mbili ndogo badala ya moja kubwa: moja ikikwama ikiwa imewaka, haitapika tangi zima.

Kwa mawe ya kupanga miamba ndani ya tangi, makavu yanatosha. Tia amonia kidogo, sumu ileile inayotokana na uchafu wa samaki, na usubiri bakteria wazaliane, waigeuze nitriti, kisha nitreti isiyo na sumu kali. Kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6, na katikati yake tangi hupakwa utando wa kahawia unaokera macho. Uache, utapita.

Matumbawe usiyachukue ufukweni Mombasa ukayafiche kwenye buti. Matumbawe magumu yote yako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na kuvuka mpaka kunataka kibali. Nunua vipande vilivyokuzwa kwenye matangi. Anza na laini, kama Sarcophyton na Discosoma. Zoanthus, wanaofanana na maua madogo, nao ni rahisi na wazuri, ila baadhi yao wana palitoksini, sumu kali sana: vaa glavu na miwani, na jiwe lao usilichemshe kabisa, mvuke wake umewahi kulaza watu hospitalini.

Samaki? Wawili wadogo wa Amphiprion ocellaris, wale wa rangi ya chungwa wenye mistari meupe, waliozalishwa kwenye matangi watatosha, na hawahitaji anemoni, mnyama mwenye minyiri wanamojificha baharini. Yule wa bluu ambaye watoto wote wanamtaka, Paracanthurus hepatus, hukua hadi sentimita 30 hivi. Kwenye lita 200 ni mfungwa. Kila mgeni akae kwanza wiki kadhaa kwenye tangi la pembeni, na akihitaji dawa ya shaba ya kuua vimelea aipate huko huko. Shaba huua konokono na matumbawe, kwa hiyo isiingie tangi kuu hata muuzaji akuapie.