Kuita upper() hakubadilishi jina la mtumbwi

Vijana wengi ninaowafundisha programu hapa Mwanza wanaamini kwamba ukiandika mtumbwi.jina.upper(), jina lililomo ndani ya objekti (kifurushi cha data, hapa mtumbwi mmoja) limeshageuka herufi kubwa. Sivyo. Katika Python, lugha ya programu tunayotumia, mfuatano wa herufi (yaani maandishi kama jina) ukishaundwa haubadiliki. Amri ya upper() inakupa mfuatano mpya wa herufi kubwa, na usipouhifadhi, mfuatano huo unapotea.

Juzi tulikuwa tukitengeneza daftari la mitumbwi ya mwalo wa Kirumba. Jina lilikuwa "sangara". Tukaita upper(), tukachapisha: "sangara" vilevile. Tukaandika mtumbwi.jina = mtumbwi.jina.upper(), ikatoka "SANGARA". Sifa ya objekti, yaani jina hapa, inabadilika, ndiyo, ila kwa kuelekezwa kwenye mfuatano mwingine. Ndiyo maana mtumbwi wa pili daftarini wenye jina lilelile haukuguswa, na hilo nalipenda mno. Lugha ya Java nayo iko hivyohivyo, kwa toUpperCase().