Kuandika antibiotiki kwa uwajibikaji: maana yake

Kuandika antibiotiki kwa uwajibikaji ni kumpa dawa hiyo mgonjwa ambaye kweli ana maambukizi ya bakteria yanayoihitaji, kumchagulia ile inayowalenga bakteria hao bila kuwagusa wengine wengi, kwa dozi inayotosha na kwa siku zisizozidi zinazohitajika ili apone. Haina maana ya kubana dawa. Mgonjwa ambaye maambukizi yamesambaa mwilini hadi shinikizo la damu linaporomoka anatakiwa apate antibiotiki ya mshipa ndani ya saa moja. Kumcheleweshea ni kosa, kama ilivyo kosa kumwandikia amoksilini mwenye mafua.

Kinachokuwa sugu ni bakteria, wala si mwili wa mgonjwa. Katika mabilioni ya bakteria huwapo wachache ambao dawa haiwapati: wapo wanaotengeneza kimeng'enya cha kuivunja penisilini, wapo wanaoisukuma dawa nje ya seli, na wapo waliobadilika pale dawa inaposhika. Dawa ikiwaua wenzao, wachache hao hurithi nafasi yote. Mazingira yakiwafaa, bakteria aina ya E. coli hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Isitoshe, vinasaba vya usugu huweza kupita kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, hata wa jamii tofauti. Mwaka 2019 pekee, vifo takriban milioni 1.27 duniani vilikadiriwa kusababishwa moja kwa moja na bakteria sugu.

Jambo linalosahaulika sana ni kwamba kidonge kilichomezwa kwa ajili ya koo hufika pia kwa bakteria wa utumbo, wa ngozi na wa mdomo, ambao hawakuwa na kosa lolote. Kila siku ya dawa huwachuja hao nao, na walio sugu hubaki wakisubiri siku watakapoingia kwenye njia ya mkojo au kwenye kidonda. Ndiyo maana idadi ya siku ina uzito mkubwa hivi.

Swali la kwanza la mwandika dawa ni kama ugonjwa unatokana na bakteria. Koo linalouma mara nyingi ni virusi. Huangaliwa dalili nne: homa inayozidi nyuzi 38, kutokuwepo kwa kikohozi, tezi za mbele ya shingo zilizovimba na kuuma, na usaha kwenye tonsili. Mwenye moja tu, au asiye na yoyote, hahitaji antibiotiki. Mwenye tatu au nne ndiye wa kupimwa au kufikiriwa dawa. Vivyo hivyo, bakteria wakionekana kwenye mkojo wa mtu asiye na dalili yoyote hawatibiwi, isipokuwa kwa mjamzito au anayekwenda kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo. Asiyeandikiwa dawa aambiwe cha kutarajia: kikohozi cha virusi huweza kudumu wiki mbili hadi tatu. Asipolijua hilo, siku ya nane atakwenda kununua vidonge mwenyewe. Kikipita hapo arudi, apimwe na kifua kikuu. Akianza kupumua kwa shida asisubiri hata siku moja.

Panapohitajika kuotesha vimelea maabara, damu au mkojo uchukuliwe kabla ya dozi ya kwanza, maana baada yake bakteria huenda wasiote na daktari atabaki akibahatisha. Katika kuchagua, Shirika la Afya Duniani tangu 2017 limezigawa antibiotiki katika makundi matatu: za kuanzia, kama amoksilini, za kuangaliwa kwa karibu, kama seftriaksoni na azithromaisini, na za akiba, kama kolistini. Nchi zimekubaliana kwamba kufikia 2030 angalau asilimia 70 ya antibiotiki wanazopewa binadamu zitoke kundi la kwanza. Seftriaksoni imezoeleka mno kwa sababu hudungwa mara moja kwa siku na hugusa bakteria wengi, na hiyo ndiyo sababu ya kuichunga.

Dozi ndogo nayo hudhuru. Mtoto mwenye nimonia ya kutibiwa nyumbani hupewa amoksilini miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, mara mbili kwa siku. Wa kilo 10 ni miligramu 400 asubuhi na 400 jioni. Kwa hiyo apimwe uzito, asikadiriwe kwa macho.

Siku zipungue kadiri ushahidi unavyoruhusu. Nimonia ya mtu mzima inayoitikia dawa vizuri hutosha siku 5, na maambukizi mepesi ya kibofu kwa mwanamke hutosha siku 5 za nitrofurantoini. Mgonjwa asikatishe dozi kwa uamuzi wake wala asiweke masalio. Jukumu la kufupisha ni la anayeandika. Kwa upasuaji safi, yaani usiogusa sehemu yenye maambukizi, unaohitaji antibiotiki ya kinga, dozi moja ndani ya dakika 60 kabla ya kisu kwa kawaida hutosha, na kuendelea siku kadhaa baadaye hakuzuii maambukizi zaidi.

Wodini, hatua inayorukwa zaidi ni kumtazama mgonjwa upya baada ya saa 48 hadi 72. Majibu ya maabara yamerudi? Kama si bakteria, dawa isimamishwe. Kama ameshaanza kula na homa imeshuka, ahamie vidonge. Dawa pana, yaani inayogusa bakteria wengi, ibadilishwe kwa nyembamba inayomuua yule yule aliyeota maabara. Sababu ya kutoa dawa na tarehe ya mwisho ziandikwe kwenye faili siku ya kwanza, la sivyo dawa huendelea kwa sababu tu hakuna aliyeisimamisha.

Mgonjwa akisema ana mzio wa penisilini, aulizwe ni dawa gani, lini, alipatwa na nini na baada ya muda gani. Zaidi ya asilimia 90 ya wenye rekodi hiyo hawana mzio wakipimwa, ilhali huandikiwa dawa pana maisha yao yote. Kuharisha au kichefuchefu pekee si mzio. Aliyevimba midomo, aliyeshindwa kupumua au aliyebabuka ngozi ndiye wa kuepushwa.