Dirisha, mbung'o na joto: kupita pori la Tabora kiangazi, peke yako na mbwa

Maelezo mengi ya kusafiri na kulala ndani ya gari ukiwa na mbwa yametoka kwa watu wa majangwa: Namib, Sahara, kusini magharibi mwa Marekani. Kwao hesabu ni maji, mchanga na jua. Ukiyaleta jinsi yalivyo kwenye njia ya Tabora, Urambo, Kaliua na Uvinza hadi Kigoma, au ile ya kusini ya Sikonge na Ipole, utakwama kwenye dirisha. Jangwani dirisha hufunguliwa gari lipoe. Pori la miyombo lina mbung'o, na kwa mbung'o dirisha hufungwa. Septemba na Oktoba joto na mbung'o huja pamoja, kwa hiyo mimi gari zima nalipanga kuanzia dirishani.

Nianze na mdudu mwenyewe. Ng'ombe mwenye ndorobo, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, anaweza kujikokota kwa miezi. Mbwa aliyeingiwa na vimelea vya Trypanosoma brucei anaweza kufa ndani ya wiki chache, tena mara nyingi mwenyewe anadhani mbwa amechoka tu na safari. Binadamu naye hupata malale kwa njia hiyo hiyo. Urambo na wilaya za Kigoma zimewahi kuwa na wagonjwa, kwa hiyo unapomlinda mbwa unajilinda na wewe.

Mbung'o huvutwa na kitu kikubwa kinachotembea, hasa kikiwa cheusi au cha bluu. Ndiyo maana hulifukuza gari, na ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi. Sasa angalia turubai linalouzwa karibu kila duka la vifaa: ni la bluu. Ukilitanda ubavuni mwa gari kupata kivuli, umetundika mtego usio na dawa na kumlaza mbwa chini yake. Tafuta la rangi ya mchanga. Ukikosa, mpe fundi cherehani viroba vyeupe avishone pamoja. Vinadumu msimu mzima.

Kwenye Hiace ya kawaida yenye vioo vya kuteleza, pima ile nusu inayofunguka kwa kukata boksi litoshee kabisa, kisha umpelekee seremala boksi lenyewe badala ya vipimo vya karatasini, kwa sababu kona za dirisha zimepinda. Fremu iwe ya mbao nyembamba ya inchi 1 kwa 1. Upande wa nje weka wavu wa mbu wa aluminiamu. Ule wa plastiki mbwa anauchana kwa kucha siku ya kwanza. Halafu upande wa ndani weka wavu wa kuku, na kati ya nyavu hizo mbili ibaki nafasi ya sentimita 5 hivi. Wengi huiruka nafasi hii. Mbung'o hawezi kupenya wavu wa mbu, lakini mdomo wake unapenya. Mbwa akiegemeza bega kwenye wavu anang'atwa akiwa ndani ya gari "lililofungwa". Fremu ishikiliwe na komeo ndogo mbili zinazofunguka kwa ndani, ili ukitaka kutoka kwa dharura usihangaike na bisibisi. Tengeneza tatu: mbili za ubavuni, moja ya nyuma itakayokaa mlango ukiwa umeinuliwa. Hiyo ya nyuma ndiyo ngumu. Ziba mianya yake yote kwa sponji ya godoro.

Wavu unapunguza upepo, kwa hiyo lazima usukume hewa. Feni mbili za kompyuta za sentimita 12, za volti 12, zifungwe juu nyuma zikitoa hewa nje, kwa kuwa hewa ya moto hupanda. Feni moja ya gari ielekee kwa mbwa, chini. Zote pamoja hula kama ampea 2. Kwa saa 6 za kivulini ni ampea-saa 12. Betri ya N70 ya asidi, yenye kama ampea-saa 70, usiitumie zaidi ya nusu yake, yaani kama 35, kwa hiyo una siku mbili na ushee bila kuchaji. Iwe betri ya pili, si ya kuwashia gari, na fyuzi ya ampea 10 ikae karibu na ncha chanya. Fyuzi ikiwekwa mbali, waya ukichubuka katikati unaungua kabla fyuzi haijajua.

Feni haipoozi hewa, inaibadilisha tu. Nje kukiwa nyuzi 34, ndani hakuwezi kuwa 30. Na bila feni ni hatari ya haraka mno: nje kukiwa nyuzi 29, gari lililofungwa juani hufika 40 ndani ya dakika 10, na baada ya nusu saa hukaribia 48. Kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii kitu cha maana. Mbwa hatoi jasho kama sisi; hupoa kwa kuhema, na akihema hewa ya moto hapoi vya kutosha. Paa jeupe na maboksi yaliyogundishwa foili kwenye kioo cha mbele hupunguza joto linaloingia, na ni bei ndogo kuliko kitu kingine chochote utakachofunga.

Kinachookoa zaidi ni saa. Tabora Oktoba jua huchomoza karibu saa 12 na nusu. Anza kukipambazuka, vioo vimefungwa, kwani asubuhi hewa bado ni baridi na kufunga hakumuumizi mbwa. Kufika saa 4 na nusu uwe umeegesha. Mbung'o huchacha asubuhi na alasiri, jua kali likimshinda naye hujificha kivulini. Kwa hiyo usiegeshe pembeni mwa kichaka. Egesha, zima injini, kaa ndani dakika 5 vioo vimefungwa, uwaue waliokufuata na kutua kwenye vioo, ndipo ufungue mlango. Ukifungua mara tu unaposimama, unawakaribisha wote waliokuwa nyuma ya gari.

Kivuli chenyewe kina hesabu yake. Siku za mwanzo wa Oktoba jua hupita utosini kabisa kwa sisi wa latitudo 5 kusini, hivyo kivuli cha ukuta au cha ubavu wa gari hupotea mchana. Miyombo mingi imepukutisha, mingine ndiyo kwanza inachipua majani mekundu yasiyoziba jua. Mwembe haupukutishi. Miembe mikubwa ya njia ya zamani ya misafara, Tabora hadi Ujiji, ilipandwa kwa kazi hiyo hiyo ya kupumzisha wasafiri, na bado inaifanya. Ila mwembe una mwenyewe. Shuka, piga hodi, amkia wakubwa, "shikamoo mzee," eleza kwamba una mbwa, kisha ndipo uegeshe. Kwa kulala, mwone mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji kabla giza halijaingia.

Chunguza pia juu ya mti. Huku mizinga hutundikwa matawini, na nyuki wakisumbuliwa na mtikisiko wa injini hushambulia kitu cheusi chenye manyoya. Kaa mbali nayo mita 100 au zaidi. Hata pasipo mzinga, kiangazi nyuki hutafuta maji, na bakuli la mbwa likiwekwa nje hujaa nyuki ndani ya saa moja. Mbwa anapokunywa anadungwa ulimini, uvimbe unaziba koo. Mnyweshe ndani ya wavu, kisha kausha bakuli.

Maji naya­pima hivi, kwa mbwa wa kilo 25. Siku ya kawaida anahitaji kama mililita 60 kwa kila kilo, yaani lita 1 na nusu. Kwenye joto weka 3. Wewe 5 za kunywa na 5 za kupika na kunawa. Siku mbili ni lita 26. Ongeza 10 za kumpoza mbwa akizidiwa na 5 za rejeta, zinakuwa 41. Beba madumu matatu ya lita 20. Zinazobaki ni siku moja ya akiba. Yafungwe chini, mbele ya ekseli ya nyuma, kila moja kwa mkanda wake. Chakula mpe jioni kukipoa, kwa sababu kusaga chakula nako huongeza joto mwilini. Ugali na dagaa waliochemshwa vinatosha, pasipo chumvi wala kitunguu.

Ukiwa peke yako hakuna wa kubaki na mbwa. Hili ndilo tofauti kubwa na safari ya watu wawili. Nunua kila kitu Tabora mjini, ili Urambo na Kaliua usimame kwa mafuta tu. Haja ikikulazimu kuingia ofisini au dukani, mbwa anatoka nawe akiwa na kamba na kifungo cha mdomo. Hata "dakika mbili" usimwache, maana foleni haikuulizi. Na kumbuka ulipo: Tabora na Ujiji ni miji yenye Waislamu wengi, na mate ya mbwa kwao ni najisi. Usimkaribishe kwenye kisima, kwenye ndoo za watu, penye chakula wala karibu na msikiti. Mfunge mbali, ukachote mwenyewe.

Dalili za joto kumzidi: kuhema bila kupumzika hata akilala, mate mazito, ufizi mwekundu sana, kisha kuyumba na kutapika. Joto la mbwa mzima ni nyuzi 38 hadi 39. Likizidi 41 ni hatari ya kufa. Mpeleke kivulini, mwagia maji tumboni, kwapani, kwenye mapaja na nyayo, na mpepee bila kuacha. Usimfunike kwa taulo lililolowa. Taulo linapata joto na kulizuia lisitoke. Pima kwa kipimajoto njia ya nyuma kila dakika 5, acha kumwagia likifika 39.5, la sivyo atapitiliza kushuka. Mpe maji kidogo kidogo kama ana fahamu. Hata akionekana mzima, apelekwe kwa daktari wa mifugo, kwani figo huweza kufeli siku moja au mbili baadaye.

Barabara nitaipita haraka. Lami imefika mbali, lakini ukichepuka tu ni mchanga. Shusha upepo wa matairi hadi psi 22 au 25 gari likiwa na mzigo, nenda gia ya pili bila kusimama, usizidi kilomita 40 kwa saa, na ujaze tena kwa pampu kabla ya kurudi kwenye lami. Tairi likizunguka bila kwenda, acha kukanyaga mafuta hapo hapo, chimba kwa beleshi, weka mbao. Mbwa abaki ndani muda wote wa kazi hiyo. Mbuga za udongo mweusi zimepasuka na kukauka kiangazi, zinapitika. Mvua ya kwanza ikinyesha, Hiace isiyovuta kwa magurudumu yote manne usiiingize humo. Usiegeshe juu ya majani makavu: ekzosi ya moto huyawasha.

Hifadhi za taifa haziruhusu mbwa, ikiwemo Mto Ugalla, na mwisho wa safari Gombe na Mahale. Magonjwa ya mbwa huua wanyamapori. Porini askari wakiona mbwa huwaza wawindaji, kwa hiyo karatasi ziwe mkononi: kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, iliyochomwa angalau wiki 4 kabla ya safari, na kibali cha kusafirisha kutoka ofisi ya mifugo ya halmashauri. Usiku mbwa alale ndani. Fisi na chui wapo.

Kwenye mto Malagarasi usimshushe mbwa kunywa ukingoni. Mamba hukaa hapo hapo penye njia ya maji. Uvinza maji ya chemchemi ni ya chumvi kali, ndiyo yanayochemshwa kutoa chumvi tangu zama za kale, na mbwa mwenye kiu atayalamba. Mnyweshe ya dumu ashibe kabla hamjafika, na mshushe akiwa kwenye kamba fupi tu.

Ukishafika Kigoma, safari ya mbung'o haijaisha. Kwa wiki 4 mpime joto kila asubuhi na mkague macho mwangani. Homa inayokuja na kuondoka, tezi za shingo kuvimba, ufizi kupauka, kukonda, na zaidi ya yote jicho kuwa na ukungu wa weupe wa bluu: usingoje kesho. Mwambie daktari kwa maneno kamili, "tumepita pori la mbung'o," aangalie damu kwa hadubini. Usinunue pakiti ya dawa ya ng'ombe ukamdunga mwenyewe. Diminazene, dawa yenyewe ya ndorobo, kwa mbwa ni miligramu 3.5 kwa kilo, na ikizidi huharibu ubongo. Pakiti ya ng'ombe imetengenezwa kwa mnyama wa mamia ya kilo, na kosa dogo la kuchanganya linatosha. Na wewe ukishikwa na homa katika wiki hizo, kipimo cha malaria kikionyesha huna, omba damu yako iangaliwe vilevile.