Taa Inajua Rangi ya Ngozi

Watu wakizungumzia waigizaji weusi kwenye tamthilia za muziki za Marekani na Uingereza, huhesabu sura kwenye bango. Nani kapewa nafasi, nani kanyimwa, nani kawa mweusi wa kwanza kufanya hiki na kile. Si vibaya kuhesabu, na hapa chini mimi mwenyewe nitahesabu kidogo. Ila kazi yangu ni taa. Nawafundisha vijana hapa Bagamoyo kufunga na kuelekeza taa za jukwaani, na kwa fundi swali huanza pale hesabu inapoishia: huyu mtu mweusi keshapata nafasi, keshapanda jukwaani, je, anaonekana?

Ngozi nyeusi hurudisha mwanga mchache kuliko nyeupe, tena huurudisha kwa namna yake. Uso mweupe ukipigwa taa hung'aa wote kwa pamoja. Mweusi hung'aa kwenye kingo: mfupa wa shavu, mgongo wa pua, bega, vidole. Sasa, njia ya kumulika tuliyorithi sote ni ya Stanley McCandless, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Yale aliyechapisha kitabu chake mwaka 1932. Kila sehemu ya jukwaa ipewe taa mbili za mbele, moja kushoto na moja kulia, kwa nyuzi 45, moja ya rangi ya joto na nyingine ya baridi. Ni njia nzuri, hata mimi naifundisha. Lakini inachora uso kwa kivuli, na kivuli huonekana vizuri juu ya kitu cheupe. Mtu mweusi tii akisimama mbele ya pazia jeusi kwa taa hizo mbili tu, walioko viti vya nyuma huona kanzu inaimba.

Hilo la kanzu silitungi. Kwenye mazoezi ya onyesho moja la wanafunzi tulikuwa na waimbaji wawili wanaojibizana, binti maji ya kunde na kijana mweusi hasa, kijana kavaa kanzu nyeupe pee. Binti anaonekana mpaka kope. Kijana akaja mbele akaniuliza, "Mwalimu, mbona wenzangu wanasema wananisikia tu?" Mwanafunzi aliyekaa kwenye meza ya taa akakimbilia kupandisha taa za mbele, na hapo ndipo wengi huharibu. Ukizipandisha, binti anaungua, kanzu inawaka, na jicho la mtazamaji likishazoea mng'ao wa kanzu, uso wa kijana unazidi kuzama. Tulifanya kinyume. Taa za mbele tukazishusha. Tukasimamisha nyingine pembeni kwenye vyuma, usawa wa kifua, na moja juu nyuma yake yenye filta ya rangi ya asali, ili bega na shavu vipate ukingo. Pazia jeusi tukalimwagia buluu kidogo kutoka chini. Kanzu ikalowekwa usiku kucha kwenye chai ya rangi iliyokolea, ikatoka na weupe uliofifia ambao mtazamaji hawezi kuutambua, ila jicho lake linapumzika. Poda nikaipiga marufuku. Kijana akapakwa mafuta ya nazi kidogo sana mashavuni, kwa sababu ngozi nyeusi yenye unyevu hushika taa, na poda ya bei rahisi humgeuza mtu majivu. Hatukununua kitu zaidi ya majani ya chai.

Nikisoma historia ya weusi kwenye jukwaa la muziki huko Marekani, nakutana na habari hiyohiyo kila kona: jukwaa limepangwa kwa ajili ya mwingine, na mweusi anakaribishwa ajibane humo.

Mtazame Bert Williams. Alizaliwa Nassau, Bahamas, mwaka 1874, akawa mmoja wa wachekeshaji wakubwa wa zama zake. Mwaka 1903 yeye na mwenzake George Walker walifikisha Broadway, eneo la kumbi kubwa za New York, tamthilia ya In Dahomey, ya kwanza ndefu kamili iliyoandikwa na kuchezwa na weusi kwenye ukumbi mkubwa wa huko. Muziki ulikuwa wa Will Marion Cook, mashairi ya Paul Laurence Dunbar. Mwaka huohuo wakavuka hadi London wakacheza mpaka kwenye kasri la Buckingham. Na usiku wote huo Williams, mtu mweusi, alikuwa kajipaka masizi ya kizibo kilichochomwa. Watazamaji walishazoeshwa na wazungu waliojipaka hivyo kuwadhihaki watumwa, kwa hiyo mweusi asiye na masizi waliona kama hajavaa. Wanahistoria hueleza udhalili wa jambo hilo, nami naongeza la ufundi: masizi ya kizibo karibu hayarudishi mwanga kabisa. Yanaula. Shavu linapotea, paji linapotea, kunabaki macho na mdomo uliochorwa mkubwa. Kila kitu ambacho mwigizaji hutumia kuonyesha huzuni ndogo, aibu ndogo, mawazo, kimefutwa. Kwamba Williams aliweza kuwaliza watu akiwa ndani ya kifuniko hicho, ndiyo sababu namheshimu kuliko wengi waliokuja baada yake na sura zao wazi.

Miaka 18 baadaye ikaja Shuffle Along ya Noble Sissle na Eubie Blake, ikachezwa mara zipatazo 500 mjini New York. Wachekeshaji wake wawili, Miller na Lyles, bado walijipaka masizi. Jambo lililowatia hofu watunzi lilikuwa wimbo wa mapenzi. Weusi wawili kupendana jukwaani kwa dhati, bila utani, lilikuwa jambo ambalo mtazamaji mzungu hakutarajiwa kulivumilia. Sissle alisimulia baadaye kwamba usiku wa kwanza yeye na wenzake walisimama karibu na mlango wa nyuma, mguu mmoja ndani na mwingine nje, tayari kutimua mbio kuelekea Harlem, mtaa wa weusi, huku Blake maskini kakwama mbele kwenye piano. Watu wakashangilia wakataka wimbo urudiwe.

Usidhani mambo yalinyooka hapo. Show Boat ya mwaka 1927 husifiwa kwa kuweka weusi na wazungu jukwaa moja, lakini Queenie, mpishi mweusi, aliigizwa na Tess Gardella, mzungu mwenye asili ya Italia aliyejipaka rangi. Paul Robeson aliyeimba London mwaka 1928 wimbo wa mto uliomo humo, alikuja kuyabadilisha maneno yake kadiri miaka ilivyokwenda, mpaka mzee anayelalamika akawa mtu anayepigana. Mwaka 1936 opera ya Porgy and Bess ilipofika ukumbi wa National Theatre mjini Washington, Todd Duncan aliyeigiza Porgy alikataa kuimba mbele ya watazamaji waliotengwa kwa rangi. Wenye ukumbi wakakubali, weusi wakakaa walipotaka. Onyesho lilipoondoka, ubaguzi ukarudi kwenye viti vyake. Na mweusi wa kwanza kupata Tony, tuzo kuu ya Broadway, Juanita Hall mwaka 1950, aliipata kwa kuigiza mwanamke wa Tonkin, huko Vietnam ya kaskazini. Walishampa jukwaa, wakampa na uso wa watu wengine.

Ya leo hayapigi kelele hivyo. Yamejificha chumba cha kuvalia. Maiki ya mwimbaji wa tamthilia ya muziki hubandikwa juu ya paji la uso, pale nywele zinapoanzia, waya ukapita chini ya wigi. Nywele laini hukunjwa vifundo vidogo vikabanwa kwa pini. Nywele zetu zinataka twende kilioni, nyembamba na iliyolala, la sivyo wigi inakaa imevimba, maiki inateleza, na katikati ya wimbo inakwaruza. Hapa Bagamoyo kila mtaa una binti anayeweza kusuka hiyo huku anapiga soga. Broadway waigizaji weusi wengi wamesema hadharani kwamba kwa miaka walijisuka wenyewe nyumbani na kuja na fondesheni zao mkobani, maana waliolipwa kwa kazi hiyo hawakujua kuifanya. Ni saa za kazi zisizolipwa, na mzungu wa chumba kilekile hazifanyi.

Viatu navyo vivyo hivyo. Mchezaji wa bale, dansi ya ncha za vidole, huvaa soksi na viatu vya waridi ili mguu uonekane mstari mmoja usiokatika. Kwa mweusi mstari unakatika pajani. Dance Theatre of Harlem, kundi la bale la weusi, waliamua mwaka 1974 kupaka soksi na viatu rangi ya kila mchezaji. Kazi ya kuvipaka kwa fondesheni, kiatu baada ya kiatu, iliendelea kwa makundi mengi hadi mwaka 2018, ndipo Freed, watengenezaji viatu wa London, walipoanza kutoa viatu vya kahawia kwa kushirikiana na kundi la bale la Ballet Black. Kwenye filamu ya Wicked ya mwaka 2024, Cynthia Erivo aliyepakwa kijani mwili mzima alitaka Elphaba, mchawi anayemwigiza, asukwe nywele ndogondogo, akasukwa. Ngozi imefichwa yote, na bado ukimtazama unajua ni nani.

Kuna The Lion King, iliyofunguliwa Broadway mwaka 1997 na ambayo wanafunzi wangu huiulizia kuliko zote. Lebo M wa Afrika Kusini kwenye sauti, Garth Fagan mzaliwa wa Jamaika kwenye dansi, waimbaji wa Afrika Kusini kwenye kwaya. Mwongozaji Julie Taymor aliweka vinyago juu ya vichwa badala ya kufunika nyuso, na Donald Holder, aliyepata Tony ya taa kwa kazi hiyo, akapewa nyuso halisi za kumulika. Ukitaka kujifunza taa za pembeni kwa ngozi nyeusi, anzia hapo. Lakini nami nina neno langu: mojawapo ya ajira za kudumu zaidi kwa weusi Broadway ni ya kuwa simba na fisi. Nashangilia ajira, simshangilii aliyeona hilo linatosha.

Wanaobishana juu ya nani aigize nani wana kambi mbili kubwa. August Wilson, mwandishi mweusi wa tamthilia, alisimama Princeton mwaka 1996 akakataa wazo la kuwapa weusi nafasi za wazungu na kujifanya rangi haionekani. Alitaka weusi wapewe fedha na kumbi za kusimulia yao. Upande wa pili hutaja weusi waliopewa nafasi za wazungu: mwimbaji Audra McDonald kuwa Carrie kwenye Carousel mwaka 1994, Norm Lewis kuwa mweusi wa kwanza Broadway kuigiza Phantom kwenye The Phantom of the Opera mwaka 2014, na Hamilton ya mwaka 2015 iliyowapa weusi na Walatino nafasi za waasisi wa taifa lililowahi kuwamiliki weusi. Mimi namwelewa Wilson zaidi kila mwaka, ingawa sauti ya McDonald hunifanya nisahau ubishi wote. Mwongozaji akisema "mimi sioni rangi", fundi wa taa anajua yatakayofuata: ataniachia taa zilezile za jana, za mwigizaji mzungu aliyeondoka.

Nasi tusijitoe. Jukwaani kwetu karibu wote ni weusi, na bado mwongozaji mmoja aliyekuja kuchagua waimbaji alisema bila haya kwamba kwa malkia anataka "msichana mweupe mweupe hivi". Aliyeimba vizuri kuliko wote, mweusi, akapewa kijakazi. Baada ya hapo utamlaumu binti akikimbilia mkorogo? Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, ila marufuku haiwezi kushindana na orodha ya wahusika iliyobandikwa ukutani. Tena ngozi iliyochubuliwa ni mateso kwenye taa: uso unawaka, shingo na vifundo vya vidole vinabaki rangi yake, na hakuna filta inayovipatanisha. Juu ya yote, taa za LED za bei nafuu tunazokodi huachwa kwenye weupe wa baridi, na kila mtu anaonekana kama katoka kuugua.

Kijana unayekwenda kwenye usaili nje, uliza kabla ya kusaini: nani atanisuka, nalipwa kwa muda huo, fondesheni ya rangi yangu ipo, maiki inafungwa wapi. Hayo ni maswali ya kazi, hayana utovu wa adabu. Na fundi mwenzangu, siku ya kuelekeza taa usimsimamishe jukwaani yeyote aliye karibu. Muite aliye mweusi kuliko wote, avae nguo yake ya onyesho, asimame mbele ya pazia lenyewe. Anza na taa ya pembeni, kisha ya nyuma, ya mbele iwe ya mwisho na iwe ndogo. Akishaonekana mpaka kope, ndipo umwite mweupe na kumpunguzia.