Kijiti hakiharibu kizazi

Kaa kwenye benchi la kliniki Chamwino au Bahi, mkoani Dodoma, utasikia: binti ambaye hajazaa akiweka kijiti cha uzazi wa mpango chini ya ngozi ya mkono, kizazi kinakufa. Si kweli. Kijiti hutoa homoni inayozuia yai kutoka. Kikitolewa, uwezo wa kushika mimba hurudi, mara nyingi ndani ya wiki chache. Sindano ya miezi mitatu ndiyo huchelewesha, pengine hadi miezi kumi au zaidi. Sasa, kijiti hupapaswa mkononi, mume akakigundua. Sindano haionekani. Basi binti anayemficha mama mkwe huchagua sindano, mimba ikichelewa mawifi wanasema, "Si tulikwambia?" Kinachoziba mirija ya uzazi kweli ni magonjwa ya zinaa, kisonono na klamidia, yasiyotibiwa, na hayo hukingwa kwa kondomu, ambayo mume ndiye huamua.