Kabla Muuguzi Hajaandika Barua ya Kuacha Kazi

Malalamiko ya uonevu miongoni mwa wauguzi yanaongezeka, na mengi hutufikia mlalamikaji akiwa ameshawasilisha barua ya kuacha kazi ambayo ndani yake ametaja "sababu za kifamilia". Mwajiri huiweka barua kwenye jalada, hutangaza nafasi upya, kisha hulalamika kwamba wauguzi wa siku hizi hawana uvumilivu. Kauli hiyo tumeichoka. Anayeondoka huwaachia wenzake zamu zake, nao wakielemewa, ukali huongezeka na mwingine huondoka.

Uonevu si lazima uwe matusi. Muuguzi mpya hupangiwa zamu za usiku mfululizo kwa sababu tu aliuliza swali. Au anayemkabidhi wodi humficha kwamba mgonjwa amebadilishiwa dawa, kisha humkemea mbele ya mgonjwa huyohuyo kwa kutojua. Hapo hata maisha ya mgonjwa yamewekwa rehani. Hata hivyo, kusahihishwa faraghani na kwa staha kwa kukosea kipimo cha dawa si uonevu.

Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini, uliopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika tarehe 25 Juni 2021, unahusu hata tendo lililotokea mara moja, na unawalinda pia walio katika mafunzo ya kazi. Nchi zilizouridhia zinawajibika kuutekeleza kupitia sheria zao.

Lalamiko liandikwe mapema, likionyesha tarehe, saa, wodi, maneno yaliyotamkwa na mashahidi, na mlalamikaji abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi. Ikiwa mlalamikiwa ndiye msimamizi wake, alipeleke kwa ngazi iliyo juu yake. Mlalamikiwa atapewa tuhuma kwa maandishi na muda wa kujibu, kwa kuwa naye ana haki ya kusikilizwa. Akithibitika kukosa, adhabu, kwa kadiri ya kanuni za utumishi za hospitali husika, yaweza kuwa onyo la maandishi, kushushwa cheo au kuachishwa kazi. Kumwadhibu aliyelalamika kwa nia njema, kwa mfano kwa kumhamisha wodi bila ridhaa yake, ni kosa jingine linalojitegemea.

Waajiri nao wachunguze maombi ya uhamisho na barua za kuacha kazi wodi kwa wodi, badala ya kuangalia jumla ya hospitali nzima, na kila anayeondoka ahojiwe kabla ya siku yake ya mwisho na mtu asiye msimamizi wake.